Bastola ya Fundi: Silaha ya Mwaka 1911 Isiyokwisha Kuchongwa

Afrika Mashariki tunaijua Singer kwa cherehani. Mwaka 1940 kampuni hiyohiyo ilipewa na jeshi la Marekani oda ndogo ya majaribio: itengeneze bastola 500 za M1911A1, toleo lililoboreshwa la M1911, bastola ya jeshi ya mwaka 1911, ili serikali ione kama kiwanda cha cherehani kinaweza kugeuzwa kuwa cha silaha vita vikibisha hodi. Singer ikazitengeneza, ikazikabidhi, kisha ikahamishiwa kazi ya vifaa vya kuelekezea mizinga. Bastola zenyewe ziligawiwa wanajeshi kama bastola nyingine yoyote, na leo moja iliyobaki katika hali nzuri hupigwa mnada kwa bei ya nyumba.

Mzigo mkubwa wa Vita Kuu ya Pili ulibebwa na wengine: Remington Rand, watengenezaji wa taipureta; Ithaca, waliozoea kuunda bunduki za kuwindia ndege; na Union Switch & Signal, kampuni ya ishara za reli. Mtutu wa kampuni hii ulitakiwa uingie kwenye bastola ya kampuni ile bila mtu kupiga tupa hata mara moja. Sharti lilikuwa hilo, na lilitimizwa. Cha ajabu ni kwamba bastola iliyobuniwa isimhitaji fundi ndiyo iliyokuja kulisha mafundi kuliko silaha nyingine yoyote ya mkononi. Hadi leo kuna watu wanaolipa dola 4,000 na zaidi, wakasubiri miezi au miaka, ili mtu mmoja akae na vipande vya bastola ya mwaka 1911 avilinganishe kwa mkono.

Tuelewane kwanza. Ukimtajia mtu wa Tabora au Morogoro silaha iliyotengenezwa na fundi, atafikiria gobole: bomba la chuma, kitako cha mti na baruti ya kushindilia, kazi ya kificho ambayo polisi huianika mbele ya waandishi wa habari baada ya kila msako. Ninayoizungumzia hapa ni kitu kingine kabisa. Ni bastola ya nusu otomatiki, yaani inayopiga risasi moja kila triga inapovutwa kisha ikajipakia yenyewe ile inayofuata. Ina namba yake, ina karatasi zake, na imepita mikononi mwa fundi mwenye leseni aliyeiunda au kuiunda upya kwa oda ya mteja. Nyumbani kwake ni Marekani. Zipo bastola nyingine zinazofanyiwa hivyo, Browning Hi-Power ya Ubelgiji na CZ 75 ya Czech kwa mfano, lakini historia ya kazi hii ni historia ya M1911, na hizo nyingine ni nyongeza tu.

Ng'ombe wa Chicago

John Moses Browning alizaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855, akakulia kwenye karakana ya baba yake aliyekuwa fundi bunduki. Ni vigumu kumtaja mbunifu mwingine aliyeacha alama nyingi hivyo kwenye silaha za karne ya 20: bastola, bunduki za kuwindia, bombomu. Upande wa Marekani aliuza michoro yake kwa kampuni kama Colt, upande wa Ulaya kwa FN ya Herstal, Ubelgiji, na kifo kilimkuta hukohuko Ubelgiji mwaka 1926 akiwa bado kazini.

Haja iliyozaa M1911 ilitokea mbali sana na Utah. Marekani ilipoitwaa Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, ilijikuta inapigana na wenyeji, na huko kusini ikakutana na Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu. Askari wakalalamika kwamba rivolva zao za inchi 0.38 hazimsimamishi mtu anayewajia na panga. Mwaka 1904 ofisa John Thompson na daktari wa jeshi Louis LaGarde wakatumwa watafute risasi ya ukubwa unaofaa. Walipiga maiti, kisha wakaenda kwenye machinjio ya Chicago wakapiga ng'ombe walio hai na kupima muda wa kuanguka. Kwa macho ya leo lilikuwa jaribio la ovyo: wanyama wachache, na hitimisho kubwa kuliko ushahidi wake. Waliandika kwamba risasi ya bastola ya jeshi isipungue inchi 0.45, yaani milimita 11.43. Ubishi kati ya wapenzi wa risasi kubwa ya polepole na wapenzi wa risasi ndogo ya kasi ulipata nguvu hapo na mpaka leo haujapata mwamuzi. (Thompson huyu ndiye ambaye jina lake baadaye lilipewa ile bombomu ndogo ya majambazi wa enzi za Al Capone.)

Browning akaunda risasi ya ukubwa huo, yenye uzito wa gramu 15 hivi, pamoja na bastola ya kuipiga. Wengine wakaondoka mmoja mmoja kwenye ushindani wa kuliuzia jeshi bastola mpaka wakabaki Colt, waliokuwa na bastola yake, na Savage. Machi 1911 kila upande ulitakiwa upige risasi 6,000. Chuma kikipata moto kupita kiasi, bastola inachovywa kwenye maji na kazi inaendelea. Ya Savage ilisumbua mara 37. Ya Browning haikusumbua hata mara moja. Tarehe 29 Machi 1911 ikapitishwa rasmi, na ikakaa kwenye kiti hicho mpaka 1985, ilipoipisha Beretta ya milimita 9.

Huko Ufilipino kwenyewe mambo yamegeuka. Leo kampuni ya Armscor ya Marikina, pembeni ya Manila, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani wa bastola za muundo huu, na huziuza Marekani kwa bei ambayo viwanda vingi vya Marekani haviiwezi.

Nusu milimita

Ili kujua fundi anauza nini, inabidi bastola ifunguliwe. Sehemu ya juu ni slaidi, ya chini ni fremu, na slaidi husafiri mbele na nyuma juu ya reli mbili zilizochongwa kwenye mbavu za fremu. Ndani ya slaidi umelala mtutu. Mgongoni mwa mtutu kuna meno yanayoingia kwenye mifereji iliyochongwa upande wa ndani wa slaidi, kwa hiyo risasi inapolipuka viwili hivi vimeshikana na vinarudi nyuma pamoja. Baada ya milimita chache, kiungo kidogo kilichofungwa chini ya mtutu kinauvuta mkia wake uiname. Meno yanaachia. Slaidi inaendelea peke yake, inalichomoa ganda tupu na kulitupa nje, inaikoki nyundo (inairudisha nyuma tayari kugonga), halafu springi inairudisha mbele huku ikisukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini. Mwisho wa safari mtutu unainuka tena na meno yanakamata. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Wazo hilo la mtutu unaoinama ndilo lililoazimwa na bastola nyingi kubwa zilizofuata, Glock ikiwamo.

Sasa angalia udhaifu wake. Mtutu haukai mahali pamoja. Kila risasi unashuka na kupanda. Mlango wenye bawaba zilizolegea hufungika vizuri tu, ila haurudi palepale kila mara, na kwa mlango hakuna anayejali. Kwa mtutu inajaliwa sana. Ncha ya mtutu wa sentimita 12.7 ikipotoka kwa nusu milimita, risasi inapofika mita 25 imepotoka kwa karibu sentimita 10.

Jeshi lililijua hilo na likaliacha makusudi. Nafasi hizo ndogo kati ya chuma na chuma ndizo zinazoruhusu mchanga na tope vipite bila bastola kukwama, na ndizo zinazoruhusu kipande cha kiwanda kimoja kikae kwenye bastola ya kiwanda kingine. Askari aliyeko kwenye handaki anataka ilie kila anapovuta triga. Kama risasi imepiga kifungo cha shati au mfuko wa shati, kwake ni mamoja.

Fundi anaziba nafasi hizo. Kwa njia ya kizamani, reli za fremu hugongwa taratibu zitanuke kidogo, slaidi ikabanwa kwenye jiliwa mpaka tumbo lake lipungue, kisha viwili vikasuguliwa kimoja juu ya kingine kwa mafuta na unga mkali, saa baada ya saa, mpaka slaidi iteleze bila kucheza upande wala juu. Mtutu hununuliwa ukiwa umeachwa mnene makusudi. Fundi anaupaka wino kwenye meno, anaufunga ndani ya slaidi, anaufungua, anatazama wino umefutika wapi, anapitisha tupa nyembamba palepale mara mbili au tatu, anapaka tena, anafunga tena. Akiwa na haraka akapunguza kuliko inavyotakiwa, chuma hakirudi. Mtutu wa mamia ya dola unakuwa wa kutupa.

Wanunuzi wengi hudhani bastola inayobana kote ndiyo nzuri. Sivyo. Kinachotakiwa ni mtutu ukae imara wakati umefungwa na uwe huru mara tu unapoachia. Fundi wa kweli anajua wapi pa kubana na wapi pa kuacha nafasi, na huyo ndiye anayelipwa. Aliyejifunza kubana tu anauza bastola inayopendeza mkononi na kukwama ikishaanza kuchafuka.

Mkono mmoja, halafu mikono miwili

Wateja wa kwanza walikuwa wapiga shabaha. Camp Perry, kando ya Ziwa Erie huko Ohio, pamekuwa na mashindano ya taifa ya Marekani tangu 1907. Mchezo wenyewe ni wa utulivu mkubwa: unasimama, unanyoosha mkono mmoja, unalenga duara jeusi lililoko yadi 25 au 50. Bastola ya jeshi ilivyotoka ghalani haikufua dafu hapo, na mafundi wa jeshi wenyewe ndio walioanza kuinoa. Mwaka 1956 jeshi likaanzisha kikosi maalumu cha wapiga shabaha huko Fort Benning, Georgia, na karakana yake ikawa chuo kisicho na jina. Upande wa raia alikuwapo Jim Clark wa Louisiana, fundi aliyekuwa pia bingwa wa taifa, na watu walimpelekea bastola zao kwa sababu walikuwa wameshamwona akiwashinda kwa ya kwake.

Kipimo cha kazi hiyo bado kinatumika. Karakana ya Les Baer huahidi kwamba bastola yake itapanga risasi ndani ya inchi 3 kwa yadi 50, yaani sentimita 7.6 kwa mita 46, na ukiongeza pesa wanaishusha hadi inchi moja na nusu. Wapigaji wengi, hata wa muda mrefu, hawawezi kuishika bastola ikatulia kiasi hicho. Ukinunua ahadi hiyo unanunua haki ya kutoilaumu bastola.

Kisha mchezo ukabadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Big Bear kwenye milima ya kusini mwa California, Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa wanamaji wa Marekani (Marine Corps), alianza kuwaita watu washindane kuchomoa bastola na kupiga kwa kasi. Wengi walipiga kwa mkono mmoja wakiwa wameishika kiunoni, kama kwenye sinema za ng'ombe na farasi. Askari polisi mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, yeye akaishika kwa mikono miwili, akaipandisha hadi kwenye jicho, akalenga. Alichelewa nukta kidogo na akapiga alichokusudia. Akawashinda. Haikuchukua muda mrefu kila mtu akawa anapiga hivyo, na leo polisi karibu wa dunia nzima wanafundishwa mikono miwili.

Bastola ya Camp Perry haikuufaa mchezo huu. Hapa unachomoa, unakimbia, unapiga, unabadilisha magazini, unapiga tena. Vilengeo vya jeshi vilikuwa vidogo mno kuonekana kwa haraka, kwa hiyo vikang'olewa na kuwekwa vikubwa. Kizuizi cha usalama kikarefushwa ili kidole gumba kikikute bila kukitafuta, na fundi Armand Swenson wa California akatia alama yake kwa kukiweka pande zote mbili, wanaotumia mkono wa kushoto nao wapate. Nyuma ya mshiko, kile chuma kilicho chini ya nyundo kikapewa mkia mpana unaopinda juu. Sababu yake anaijua kila aliyepiga bastola ya zamani: nyundo ikirudi huibana nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, na baada ya magazini mbili kuna damu.

Cooper mwenyewe hakutaka makuu. Aliona bastola ya kazi inatosha ikiwa na vilengeo unavyoviona, triga unayoimudu, na kingo zisizokata mkono. Soko halikumsikiliza.

Kanuni zilizozaa mashine

Mwaka 1976, mjini Columbia, Missouri, wapenzi wa mchezo huu waliunda shirikisho la kimataifa, IPSC, Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Kanuni zake mbili ndizo zilizobadilisha umbo la bastola. Ya kwanza: pointi zako zinagawanywa kwa muda uliotumia. Ukipunguza nusu sekunde umepata kitu kilekile ambacho mwenzako alikitafuta kwa kulenga vizuri zaidi. Ya pili: risasi lazima ifikie kiwango fulani cha nguvu, kinachopatikana kwa kuzidisha uzito wake na kasi yake, ili mtu asije na kitu chepesi kisichoruka mkononi akavuna pointi za wenye mzigo.

Mafundi walipoisoma kanuni ya pili waliona mlango wa nyuma. Kama kinachohesabiwa ni uzito mara kasi, risasi nyepesi yenye kasi kubwa inafika palepale. Na risasi ya kasi ina baruti nyingi, baruti nyingi ina gesi nyingi, na gesi inaweza kufanyishwa kazi: funga kwenye ncha ya mtutu kipande cha chuma chenye matundu yanayotazama juu, gesi ichomokee huko, na mdomo wa bastola unasukumwa chini wakati ulitaka kurukia juu. Ndipo risasi ya zamani ya .38 Super, iliyotoka mwaka 1929 na kukaa bila wapenzi wengi, ikafufuka na kuwa malkia wa viwanja. Miaka ya 1980 ilipokwisha, bastola ya mashindano ilikuwa na mdomo mrefu wa matundu na triga isiyofika kilo moja. Mwaka 1990 Doug Koenig alishinda Bianchi Cup, mashindano makubwa ya bastola ya Marekani, kwa pointi zote 1,920, hakuna iliyopotea, ambalo halikuwa limewahi kutokea, na juu ya bastola yake palikuwa na kioo chenye nukta nyekundu mahali pa vilengeo vya kawaida. Siku hizi nukta hiyo iko hata kwenye bastola za polisi wa doria.

Kilichobaki kilikuwa magazini. Ile ya Browning hubeba risasi 7 zilizopangwa msitari mmoja. Miaka ya 1990 mafundi wa Texas wakatoa fremu ya sehemu mbili, chuma juu na plastiki ngumu kwenye mshiko, inayomeza magazini pana yenye risasi za misitari miwili bila mkono kuhisi imenenepa sana. Wakaipa jina la 2011, na kwa macho ya kifundi mambo yote muhimu ya Browning bado yamo: meno, reli, nyundo, triga.

Mchezo huu umefika Afrika pia. Afrika Kusini iliandaa mashindano ya dunia mwaka 2002, na Nairobi ina wapiga shabaha wake wenye vibali. Ila kwa msomaji wa Kenya au Tanzania biashara ya fundi wa namna hii ni ya kutazama kwa mbali. Sheria ya Kenya, Sura ya 114, na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 zinamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na anayetengeneza au kukarabati naye awe na ya kwake. Kuchezea bastola nyumbani kwa tupa uliyoinunua soko la Gerezani, Dar es Salaam, ni safari ya moja kwa moja kwenda mahakamani.

Plastiki na mtoto wa sonara

Kwa hesabu za kawaida, hadithi ingeishia miaka ya 1980. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichukua bastola ya Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kubuni bastola. Ilikuwa na fremu ya plastiki, risasi 17, bei ndogo, na haikuhitaji kubembelezwa. Mwaka 1985 Marekani nayo ikaiacha M1911. Mwenye akili ya biashara angefunga karakana.

Haikufungwa. Kuanzia 1986 mafundi wa wanamaji huko Quantico, Virginia, walianza kuchukua fremu za M1911A1 za zamani zilizolala maghalani, wakaziunda upya moja moja kwa vikosi vyao maalumu. Kwa miaka mingi baadhi ya wapiganaji wenye mafunzo makali kabisa Marekani walibeba kiunoni chuma cha enzi za babu zao kilichopitiwa tena na tupa. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapiga marufuku utengenezaji wa magazini mpya za raia zenye zaidi ya risasi 10, marufuku iliyodumu miaka 10. Kile ambacho Glock ilikuwa imeizidi M1911 kikapungua ghafla, na wengi wakajiambia kwamba kama ni risasi chache, basi ziwe kubwa. Mwaka 1998 FBI nayo ikachagua M1911 za kampuni ya Springfield kwa vikosi vyake vya uvamizi.

Wakati huo karakana zilikuwa zimeshageuka kampuni. Bill Wilson alianza mwaka 1977 huko Berryville, mji mdogo wa Arkansas, ambako familia yake ilikuwa na duka la usonara na yeye alikuwa fundi saa. Ukiitazama kazi yake unaona mkono wa fundi saa: hakuna pengo linaloonekana kwa jicho. Mwaka 2004 baadhi ya waliowahi kufanya kazi kwake walifungua Nighthawk Custom katika mji huohuo, kwa msimamo kwamba bastola moja inaundwa na fundi mmoja kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, naye anaipiga muhuri wa herufi za jina lake. Upande mwingine kampuni ya Kimber, katikati ya miaka ya 1990, ilianza kuuza bastola za kiwandani zikiwa tayari na mkia mpana, vilengeo vikubwa na triga nyepesi, vitu ambavyo zamani ulivilipia kimoja kimoja kwa fundi. Kwa mafundi wadogo lilikuwa pigo. Kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa neema.

Wanapenda nini hasa

Waulize wenye bastola hizi, na wengi wataanza na triga. Kwenye bastola nyingi triga huzunguka kwenye pini. Kwenye M1911 inateleza moja kwa moja kuelekea nyuma, na kazi yake ni moja tu, kuiachia nyundo ambayo imeshakokiwa. Ya jeshi huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 au zaidi. Fundi akiipitia inashuka hadi kilo 1.6 au 1.8, na muhimu kuliko uzito ni kwamba haikwaruzi njiani: inakaa kimya, kisha inakatika ghafla. Aliyeizoea akishika Glock analalamika kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Ni kazi ya nyuso mbili za chuma zenye upana wa milimita chache zinazokutana chini ya nyundo, na ni sehemu ambayo haina msamaha. Ikinyolewa kupita kiasi, nyundo inaweza kuifuata slaidi ikirudi na risasi ya pili ikatoka bila kuitwa.

Halafu kuna chuma chenyewe. Bastola ina kilo 1.1 bila risasi, nyembamba, na uzito huo unaumeza mtikiso. Sehemu ya mbele ya mshiko huchongwa almasi ndogondogo ili isiteleze: mistari 20 au 30 kwa kila inchi, inayokatwa ikikatiza mingine, kila almasi na ncha yake. Mstari mmoja ukipinda, kazi yote ya siku hiyo imeharibika, maana jicho litakwenda hapohapo. Vibao vya mshiko huwa vya mti mzuri, mara nyingi wa walnuti. Kwa ustadi wa namna hii watu hupenda saa za mkono na gitaa.

Sitajifanya kwamba mapenzi haya hayana upande mbaya. Kitu kinachosifiwa hapa kilipimwa kwa maiti na ng'ombe kabla ya kupimwa kwa jicho. Na wengi wanaoinunua hutaja usalama wa nyumba, wakati Glock ya dola 500 au 600 ingefanya kazi hiyo vilevile, kwa matunzo machache zaidi na risasi nyingi zaidi. Kwa maoni yangu bastola ya fundi inaeleweka mikononi mwa mshindani, ambaye kila sehemu ya sekunde ni pointi, na mikononi mwa mkusanyaji asiyejidanganya kwamba ananunua silaha. Walio katikati wananunua ufahari, jambo lisilo na ubaya ila bei yake.

Mashine za kisasa za kukata chuma kwa kompyuta zimezidisha ubishi. Slaidi na fremu zinatoka zimekaribiana kiasi kwamba ile kazi ya jiliwa na unga mkali karibu imekwisha. Wazee wanasema fundi amebaki mfungaji. Vijana wanajibu kwamba tupa haikuwa lengo, lilikuwa pengo. Nadhani vijana wana hoja kwenye reli, wazee wana hoja kwenye triga na kwenye meno ya mtutu, ambako bado kuna mtu mwenye wino na kioo cha kukuzia.

Waliokwenda mbali kabisa kwa mashine hizo ni Cabot Guns wa Pennsylvania, ambao hushindana na sonara zaidi kuliko na fundi mwenzao. Walichukua kipande cha kimondo cha Gibeon, chuma na nikeli iliyoanguka Namibia zama za kale na yenye umri wa mabilioni ya miaka, wakakikata wakatoa M1911 mbili, ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo. Ukizitazama pembeni unaona fuwele za chuma na nikeli zimekatizana kama kitambaa cha mistari, maana chuma kile kilipoa polepole mno kiasi ambacho tanuri yoyote ya duniani haiwezi kuiga. Bei iliyotangazwa kwa jozi ilikuwa dola milioni 4.5. Zinasemekana zinapiga sawasawa, ingawa sijui nani atathubutu kuzitia baruti.